Nukta Iliyokwenda Baa

Chumba cha Habari, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la rangi.
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Hujambo? Habari za huko, na habari za baridi? Natumaini barua hii itakukuta u mzima, kifua kimetulia, na yule mwenye nyumba wako ameshatengeneza bomba. Sisi huku hatujambo. Goti langu bado linagoma nikipanda ngazi, lakini linanifikisha. Shangazi yu mzima, presha yake imeshuka baada ya kupanda, na sababu ya kupanda unaijua. Dada ni mzima kabisa. Hilo nalisema mapema ili usisome barua hii kwa kuruka mistari.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia kwa kalamu wakati siku hizi hata mialiko ya harusi inakuja kwa simu. Nimefanya makusudi. Nimekuwa na simu moja mikononi, nikiichunguza kama ninavyomchunguza mtu anayegombea cheo, na tangu hapo nazitazama zote kwa jicho la pembeni. Karatasi hii haijui niko wapi. Naipenda kwa hilo.

Kwanza lililo la haki. Simu uliyomtumia Dada ni kitu cha maana, na sitaki useme kaka yako kazi yake ni kuponda tu. Anaivaa shingoni kwenye kifuko alichokifuma mwenyewe, jicho la kamera likitazama mbele, na kisikilizio kimoja sikioni. Inamwambia geuka kushoto, simama, vuka, kuna nguzo. Inamsomea maboksi ya dawa ili asichanganye ya macho na ya presha. Karakanani kwao, wanakofuma sweta za shule, inamtajia rangi za nyuzi, ingawa hapo inataka kusimamiwa: damu ya mzee inaiita kahawia, na siku za mwanzo mwanafunzi fulani nusura apate sweta yenye mkono mmoja wa shule nyingine.

Lafudhi yake ni ya mtu aliyejifunza Kiswahili kwa kusikiliza hotuba. Sokoni haipumui: mtu mbele, mtu mbele, mtu mbele. Dada anaiita "shemeji yenu", kwa sababu, anasema, inamwongelea sikioni kutwa nzima na yeye akisema neno haisikii.

Ina upofu wake pia. Mafundi wa maji walipochimba mtaro mbele ya duka la dawa wakauacha wazi, yenyewe ilimwambia aendelee moja kwa moja. Fimbo yake nyeupe ndiyo iliyomsimamisha. Mwuza dawa alikuwa mlangoni, akamsikia Dada akiiambia simu kwa upole, "Haya, tangulia wewe." Kisa hicho nilikusimulia mimi mwenyewe, tukacheka. Sasa nafikiri wewe hukucheka hadi mwisho.

Nije kwenye lililoniandikisha.

Mwezi uliopita Shangazi alinipigia simu kazini kwa ile sauti yake anayoiweka akiba kwa ajili ya misiba. Alisema Dada ameharibika. Kila Alhamisi mchana anakwenda baa iliyo nyuma ya gereji, anakaa humo mpaka giza, kisha anaingia kwenye nyumba moja mtaa wa pili na hatoki mpaka asubuhi. Kinachofanyika katika nyumba hiyo Shangazi hakukitaja. Alikohoa. Kwa hiyo, akasema, kabla watu hawajaanza kutucheka, Dada aache kazi, arudishe ufunguo wa chumba chake, ahamie kwake, chumba cha nyuma, awe chini ya macho ya watu wazima. Ana miaka hamsini, lakini kwa Shangazi hilo halikuwa hoja.

Nataka uelewe uzito wake, kwa maana ukiwa mbali jambo kama hili linaonekana kama kuhamisha kabati. Chumba kile Dada alikipata baada ya macho kumwishia, wakati ndugu wote tulikuwa tunagawana zamu za kumhurumia. Kazi ile aliipata kabla hata hajazoea fimbo. Mwondolee viwili hivyo, na unabaki na mtu aliyekaa kitandani akisubiri kuletewa chai.

Nikamuuliza Shangazi swali ambalo hata mwanafunzi wa uandishi hufundishwa siku ya kwanza: nani kasema? Akajibu kwamba ni wewe. Nikauliza, Kitinda ameonaje kutoka huko aliko? Akasema huko kumeendelea sana. Kisha akanipa kazi. Nichunguze, kimyakimya, maana si ndiyo riziki yangu kutia pua kwa watu.

Nilianza kwa kutafuta mpashaji wako wa habari. Niliamini una mtu hapa mtaani anayekuletea maneno, na nilikuwa na washukiwa watatu. Wa kwanza alikuwa mwuza dawa, ambaye anajua nani anaumwa kabla mgonjwa mwenyewe hajajua. Aliapa hana namba yako, kisha akaniomba nimpe, ana binamu anayetaka kuja huko. Wa pili alikuwa Mama Sweta, mwenye karakana. Huyo alinisikiliza huku anavuta vifungo vya sweta moja baada ya nyingine, akaniambia kama nimekuja kupima mtoto, karibu, kama nimekuja kupima tabia, mlango ni uleule nilioingilia. Wa tatu alikuwa mwenye nyumba wa Dada. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa. Akasema tangu Dada apange kwake, Alhamisi ndiyo siku anayorudi mapema kuliko wapangaji wote, na kulala analala palepale, ukuta wao ni mmoja na Dada anakoroma.

Kwa hiyo nilikuwa na shahidi mmoja aliye karibu anayesema Dada yuko nyumbani, na mmoja aliye mbali anayesema yuko baa. Gazetini kwetu, habari ambayo vyanzo vyake vinapingana hivyo hatuichapishi. Kwenye familia tunaiitishia kikao.

Sitakuficha kwamba nilimshuku kila mtu. Nilimshuku mwenye nyumba kwamba anamfichia siri. Nilimshuku Mama Sweta kwa ukali wake. Nilimshuku hata Dada, maana siku hizi amenunua marashi, na nilipomuuliza ya nini alinijibu kwamba ni ya kunukia.

Basi Alhamisi moja nikamfuata.

Siku hiyo ya juma, umeme hukatwa upande ule wa mji mchana. Mashine za kufuma zinasukumwa kwa mkono, zingeendelea, lakini pasi haipati moto bila umeme na sweta haiwezi kwenda shuleni imejikunja, kwa hiyo karakana hufunga mapema. Nilijibanza kwenye ukuta wa fundi seremala, nimevaa raba nilizoazima kwa mwandishi wa michezo ili nisisikike. Dada akatoka na begi lake na fimbo. Shingoni hakuwa na kitu. Nikaliona hilo, nikaliandika kichwani, sikulielewa.

Alikwenda njia ya nyumbani. Alisimama kumpisha mwenye mkokoteni, nikasimama. Akasimama tena pale walipofukia mtaro, akipapasa ukingo kwa fimbo, nikasimama. Kwenye kona akasimama mara ya tatu, na bila kugeuka akasema, "Mwandishi, mtu anayepita hupita. Wewe unasimama nikisimama. Hebu njoo unibebee begi."

Nikabeba begi. Lina uzito wa sweta ambazo hupeleka nyumbani kushonea vifungo. Tulitembea kidogo ndipo nikamuuliza simu iko wapi. Akanijibu kama mtu anayetaja mahali ilipo chumvi: "Leo si zamu ya Dereva?"

Hapa inabidi nikueleze karakana ile inavyofanya kazi, maana wewe uliwahi kuiona kwa picha tu, na kosa lote limezaliwa humo. Kila kitu mle ni cha zamu. Pasi ni moja, mkasi mkubwa ni mmoja, mwavuli ni mmoja, kiti chenye mgongo ni kimoja, na kila mmoja wao anajua siku yake na hakuna anayegombana. Mwenye mwavuli zamu ya Jumanne anaondoka nao hata jua likiwaka. Simu yako ilipofika, haikupita juma ikawekewa zamu kama pasi. Hawakuona kwamba kuna jambo la kumwarifu mtu. Wewe ulituma simu ya Dada. Wao walipokea simu ya karakana.

Na Dereva ndiye anayezungusha nyuzi. Alikuwa dereva wa lori, sukari ikamwondolea macho mwaka juzi. Fimbo bado hajaizoea, anaishika kama gia. Akitembea na simu anabishana nayo: ikimwambia ageuke kulia, anaiambia kona ile haingii tela. Alhamisi umeme ukikatwa, mafundi wa gereji hukosa kazi, wanahamia baa ya nyuma kwa sababu baa ina jenereta. Dereva huwapigia kinanda. Mtaa ule hana mazoea nao, kwa hiyo zamu yake ya simu ni siku hiyo. Akimaliza anakwenda kwake, kwa mkewe na watoto wake, analala, na Ijumaa asubuhi anairudisha karakanani.

Nilisimama pale njiani na begi la watu mkononi. Kilichokuwa kinakwenda baa ni simu. Kilichokuwa kinalala nje ni simu. Na kama wewe, kutoka huko, ulikuwa unajua simu iko wapi kila saa, basi mpashaji wako wa habari hakuwa mwuza dawa.

Siku iliyofuata, ilipokuwa imesharudi kwa Dada, nilimwomba niipeleke kwa fundi simu, nikamwambia nataka aiangalie tu. Fundi ni yule mzee wa miwani minene aliyebanwa kati ya kinyozi na duka la viatu. Aligusa hapa na pale, akanigeuzia kioo. Palikuwa na maneno yanayosema kwamba simu hii inaonyesha mahali ilipo, muda wote, kwa mtu mmoja, kama nukta kwenye ramani ya simu yake. Chini yake kulikuwa na picha ya duara. Ni wewe, umevaa kofia ya sufu, unacheka. Fundi akaniuliza kama namfahamu huyu mtu. Nikamjibu kwamba nilikuwa nafikiri hivyo.

Ulisema, nakumbuka, kwamba umeiwekea kila kitu tayari, yeye aiwashe tu. Nilipaswa kulishuku neno "kila kitu". Nimezeeka.

Maadamu nilikwisha kuanza, nikasonga mbele. Niliwaandikia wenye programu ile ya kuongoza njia, nikiuliza kile ambacho kamera inakiona shingoni kwa Dada kinakwenda wapi, nani anakihifadhi, na kwa muda gani. Kwa maana ile kamera imeingia chumbani kwake, imeingia zahanati, imesoma maboksi yake ya dawa. Walinijibu kwa heshima sana. Walisema wananithamini. Barua nzima nimeisoma mara mbili nikitafuta jibu, sijaliona. Sisemi kwamba wanafanya baya. Nasema sijui, na walioulizwa hawakusema.

Nilimkuta Dada kwenye mashine, yuko katikati ya mkono wa sweta. Nikamweleza kila kitu, na picha yako, na kofia. Aliendelea kusukuma ile mashine kushoto na kulia mpaka mstari ukaisha, maana mstari haukatwi katikati. Kisha akauliza tangu lini. Nikasema tangu siku alipoiwasha. Akauliza kama na nyumba ya Dereva inaonekana. Nikasema inaonekana. Akainuka, akaenda mwenyewe kumwambia Dereva, kabla hajasema lolote juu yako.

Dereva alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka. Alisema lori alilokuwa akiendesha lilikuwa na kifaa, tajiri akiona kila kona aliyopita na kila mahali alipojisaidia, na yeye alidhani mambo hayo yaliisha siku macho yalipoisha.

Nikataka fundi akizime kile kitu siku ileile. Dada akanikataza. Alisema kama ni kikao, kifanyike, ila yeye ndiye atakayechagua siku, na siku aliyoichagua ni Alhamisi.

Kikao chenyewe unakijua kwa masikio. Ngoja nikupe cha macho.

Tulikuwa wanne sebuleni kwa Shangazi. Shangazi kwenye kiti chake, Baba Mdogo karibu na birika kama kawaida yake, mimi mlangoni, na Dada kwenye kochi dogo chini ya dirisha, amewahi kuliko sote. Shangazi alikuwa amepanga upige simu utoe ushahidi, na akaiweka simu yake katikati ya meza, kati ya vikombe, sauti ikisikika na wote. Hakuna aliyekuambia Dada yupo. Shangazi alifikiri unajua. Si unajua alipo kila saa?

Ukamwamkia Shangazi vizuri. Ukamwamkia Baba Mdogo, ukaniamkia na mimi. Kisha ukaeleza, na nikupe haki yako, ulieleza kwa mpangilio: baa, saa, ile nyumba, asubuhi. Ukasema hupendi kusema haya lakini unaona kwa macho yako. Na halafu ukaongeza, "Hata sasa hivi tunavyoongea, Shangazi, yuko kulekule baa. Namwona hapa."

Baba Mdogo aliweka kikombe chini. Shangazi akamtazama Dada, akaitazama simu, akamtazama Dada tena, kama mtu aliyeletewa watoto wawili akaambiwa wote ni wa kwake. Dada alikuwa anachovya mkate kwenye chai. Aliumaliza, akafuta vidole, akainama kidogo kuelekea mezani.

"Kitinda," akasema, "wote umewaamkia. Mbona mimi hujaniamkia?"

Kilichofuata kwako ni kukata simu. Labda mtandao. Naweka "labda" hapo kwa sababu ya undugu.

Kilichofuata kwetu ni kirefu zaidi. Baba Mdogo, ambaye husikia kwa sikio moja na alikuwa amekaa na lile jingine upande wa meza, alitaka kuelezwa upya, na ilipobidi nieleze kwa sauti ya juu kwamba aliyekuwa baa ni simu, alicheka mpaka akapaliwa. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameshakisafisha kile chumba cha nyuma, ametandika na shuka mpya. Akauliza huyo Dereva ni nani, ana mke, mke anajua, na kama hapo baa anapiga nyimbo za dini pia. Dada akamjibu moja baada ya moja. Mke ndiye aliyependekeza zamu ya Alhamisi, alisema, kwa sababu kabla ya hapo ilimbidi amfuate mumewe baa mwenyewe, na baa haipendi.

Ndipo Shangazi akarudi kwa mlango wa nyuma. Akasema hata kama baa si kweli, mtaro ni kweli, na siku moja fimbo itakosea, afadhali ahamie tu. Akasema wewe hukufanya kwa ubaya, uliogopa. Hapo hakuna aliyecheka, kwa sababu ni kweli uliogopa, na sote tunaogopa.

Dada alinyoosha mkono akatafuta fimbo yake, akaiweka magotini. "Aogope," akasema. "Mimi mwenyewe naogopa kila nikivuka. Lakini akitaka kujua niko wapi, aniulize. Macho yamekwisha, mdomo upo." Na akaongeza kwamba chumba chake hahami, kazi yake haachi, na shuka zile mpya Shangazi amwekee Baba Mdogo, maana ndiye anayesinzia kila kikao. Baba Mdogo akasema kikao kimefungwa. Shangazi alimwaga chai iliyobaki, akafungua dirisha ambalo lilikuwa wazi tayari. Ndivyo anavyokubali.

Sasa nina maswali kwako, mdogo wangu, na nitayauliza kama ninavyomuuliza mtu mwingine yeyote, bila kupamba.

Dada ana simu yake ya zamani ya vitufe, ile ambayo unampigia kila juma. Alhamisi mojawapo ulimpigia jioni. Anaikumbuka. Ulimuuliza uko wapi Dada, akakuambia yuko nyumbani anashona vifungo, na ukamwambia haya, usiku mwema. Wakati huo nukta yako ilikuwa baa. Je, ulikuwa umeitazama kabla ya kupiga? Ulimuuliza ili ujue, au ili umnase? Na alipokujibu kweli, ukachagua kuiamini nukta, ulijisikiaje ukimwambia usiku mwema?

Na kwa nini ukaenda kwa Shangazi, si kwake? Hata kwangu hukuja. Nadhani jibu nalijua: ungemuuliza Dada angekuuliza umejuaje. Sina ushahidi. Ninakushuku tu, kwa upendo.

Usinijibu kwamba na mimi nilimfuata. Najua. Nilimfuata kwa raba za kuazima, mtu mzima mwenye goti bovu, nikijificha kwa mtu asiyeona. Tofauti yangu na yako ni kwamba mimi nilikamatwa aliposimama mara ya tatu, nikapewa begi nibebe.

Jumatatu nilikwenda na Dada na Dereva kwa fundi. Dada alitaka kuwepo wakati inazimwa, na Dereva alitaka kusikia. Fundi akagusa, akasema tayari, na simu kwa lafudhi yake ya hotuba ikatangaza kwamba haionyeshi tena mahali ilipo. Dereva akasema hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ya maana aliyowahi kuisikia kutoka kwa kitu kile. Simu yenyewe wanaendelea kuitumia, usione kwamba wamekuchukia. Inasoma dawa, inavusha watu, na zamu ziko palepale. Ila chumbani kwake Dada sasa anaiingiza kifukoni kichwa chini, kamera ikitazama sufu.

Kwa hiyo nukta yako, kama bado unaitazama, imesimama kwenye meza ya fundi simu, kati ya kinyozi na duka la viatu. Usihangaike, Dada hajazirai pale. Hapo ndipo ulipomwona mara ya mwisho.

Jambo moja dogo nimalizie. Alhamisi hii nilipita karakanani wakati wa kufunga, nilikuwa na habari ya kufuatilia upande ule, au ndivyo nilivyomwambia mhariri. Dereva alikuwa ameondoka. Dada pia alikuwa ameondoka, na pale kwenye kiti chenye mgongo, ambacho siku hiyo ni zamu yake, marashi yalikuwa bado yananukia. Jioni nilikutana na mwenye nyumba wake njiani, akaniambia, bila kuulizwa, kwamba safari hii hakurudi mapema. Kutoka nyuma ya gereji kinanda kilikuwa kinasikika, na watu wakipiga makofi. Niligundua kwamba nimeshaanza kuziangalia raba za watu miguuni, nikitafuta za kuazima. Nikageuka, nikarudi ofisini, nikapanda ngazi zote na goti langu.

Kwa hiyo alikuwa wapi, sijui. Namba ya simu yake ya vitufe haijabadilika. Ukipiga, usianze na habari za hali ya hewa. Anza na shikamoo, maana ile ya siku ya kikao bado anaidai.

Shangazi anakusalimu na anasema uvae soksi mbili. Baba Mdogo anakusalimu, anauliza kama una uwezo wa kumwonea mbuzi wake aliyepotea. Mama Sweta anakushukuru kwa simu, kwa niaba ya karakana yote, na anasema kama kuna mwavuli wa pili huko usisite. Dereva anasema ukija atakupigia wimbo, na kwamba baa unaijua tayari. Mwuza dawa anaomba namba yako. Sijampa.

Mwenyezi Mungu akulinde kila uendako. Yeye anaruhusiwa kukuona.

Wako akupendaye, na akushukuye kidogo,

Kaka yako,
Mwandishi